Kiu ya Kinyonga Huanza Usiku

Mheshimiwa Mwenyekiti, madaktari wa wanyama mlioko ukumbini, ndugu wafugaji wenzangu, mabibi na mabwana:

Nimeombwa nizungumzie jambo moja tu, nalo ni namna ya kuhakikisha kwamba kinyonga anayefugwa nyumbani hapungukiwi na maji mwilini. Nimelipokea ombi hilo kwa moyo mkunjufu, kwa sababu miongoni mwa mambo yanayowaua vinyonga walio mikononi mwetu, hili la maji hutenda kazi yake kimyakimya, na mara nyingi hutokea katika nyumba za watu wanaowapenda sana wanyama wao na ambao hawajasahau hata siku moja kuwanyunyizia. Nitaisema hoja yangu mapema ili asiwepo mtu wa kuisubiri: tumezoea kuyahesabu maji yanayomwingia kinyonga, lakini hatuyahesabu yanayomtoka, ilhali hayo yanayomtoka, hasa wakati wa usiku, ndiyo yanayoamua kama ataianza siku na kiu au ataianza akiwa na nguvu zake.

Kinyonga hakuumbwa anywe kwenye kidimbwi. Ni mnyama wa mitini, na maji anayoyajua ni yale yanayotua juu ya majani: umande wa alfajiri, matone ya mvua, na ukungu uliogeuka kuwa maji kwenye ncha za matawi. Macho yake, ambayo kila moja huweza kutazama upande wake, huvutwa na kitu kinachong'aa au kinachosogea, na tone linaloteremka juu ya jani hufanya yote mawili kwa pamoja. Maji yaliyotulia katika bakuli hayamwambii chochote, kwa hiyo anaweza kukaa juu yake akiwa na kiu kali na asiyatambue. Ni kweli kwamba wapo vinyonga, hasa wale wa Yemeni, ambao hatimaye hujifunza kunywa bakulini, nami sibishani na mfugaji aliyeliona hilo kwa macho yake; hata hivyo, bakuli lililowekwa ndani ya kizimba chenye joto huangukiwa na kinyesi na nyenje hufa maji humo, na baada ya muda mfupi maji yale huwa makazi ya bakteria. Mimi bakuli siliweki, na simshauri mtu aliweke.

Ili tuelewe mnyama huyu anahitaji nini, yafaa tuangalie kwanza anakotoka. Kinyonga wa Yemeni, ambaye wataalamu humwita Chamaeleo calyptratus, ndiye anayefugwa na watu wengi zaidi, na ndiye anayedhulumiwa zaidi na jina lake, kwa kuwa mtu akisikia Yemeni huwaza jangwa na kuhitimisha kwamba mnyama huyu anaweza kuishi pakavu. Ukweli ni kwamba makazi yake ni mabonde na miteremko ya milima ya kusini-magharibi mwa rasi ya Uarabuni, katika Yemeni na sehemu jirani ya Saudia, ambako mimea hustawi na ambako hewa ya usiku hupoa na kubeba unyevu hata katika miezi isiyo na mvua. Kinyonga chui, yaani Furcifer pardalis, ni wa nyanda za chini za kaskazini na mashariki mwa Madagaska, ambako mvua ni nyingi na hewa huwa nzito kwa unyevu. Kinyonga wa Jackson, yule ambaye dume lake huwa na pembe tatu usoni, ni wa nyanda za juu za Kenya na wa Mlima Meru nchini Tanzania, kwenye baridi ya usiku na ukungu wa asubuhi. Na vinyonga wa aina hiyo waliopelekwa Hawaii mwaka 1972 wakaachiwa huko waliweza kuzaana na kuenea, kwa sababu walikuta milima yenye ubichi unaofanana na wa kwao.

Aina hizo tatu zinatofautiana kwa mengi, na mtu akizitunza kwa kipimo kimoja atakosea. Lakini zote zinashirikiana katika jambo moja ambalo kwangu ndilo kiini cha mazungumzo haya. Usiku wao hupoa na huwa na unyevu mwingi, alfajiri yao ina umande, na mchana wao una jua, upepo na hewa inayozidi kukauka kadiri saa zinavyosonga. Mwili wa kinyonga umejengwa juu ya mzunguko huo. Hulala kwa muda wa saa 12 hivi akiwa ameduwaa juu ya tawi lake bila kusogea, huamka akakuta maji yametandazwa juu ya kila jani lililo karibu na mdomo wake, hunywa anachotaka, kisha huenda kuota jua na kuwinda.

Sasa linganisheni hali hiyo na chumba chetu cha kawaida. Nyumba inayotiwa joto wakati wa baridi, au inayopozwa kwa kiyoyozi wakati wa joto, huwa na hewa kavu ambayo unyevu wake unaweza kushuka hadi asilimia 30 au chini yake. Ndani ya chumba hicho tunaweka kizimba cha wavu, ambacho ni kizuri kwa sababu hupitisha hewa, lakini kwa sababu hiyo hiyo hakihifadhi unyevu wowote. Kinyonga analala humo usiku kucha, na kila pumzi anayoitoa huondoka na mvuke uliotoka kwenye mapafu yake. Ngozi yake, ingawa ina magamba, nayo hupoteza maji kidogo kidogo. Usiku huo hawezi kunywa, kwa kuwa amelala na macho yamefumba. Kunapokucha anakuwa na deni la maji ambalo halikuwepo alipolala, na sisi tunalilipa kwa kumpulizia maji kwa nusu dakika kabla hatujakimbilia kazini. Kesho yake deni linaongezeka. Hivyo ndivyo mnyama anayenyunyiziwa kila siku anavyoweza kukaukiwa polepole kwa miezi mingi bila mtu yeyote kumshuku.

Kinachoumia kwanza ni figo, na hapa naomba mnivumilie niingie ndani kidogo, kwa maana asiyeielewa figo ya kinyonga hawezi kuelewa kwa nini tunasisitiza sana jambo hili. Wanyama watambaao waishio nchi kavu hutoa taka za protini zaidi katika umbo la asidi ya yuriki, ambayo ni unga mweupe usioyeyuka kwa urahisi katika maji. Mpango huo huwasaidia kubana matumizi ya maji, kwa kuwa mnyama anaweza kuitoa taka hiyo ikiwa karibu ngumu na kuyavuta maji kurudi mwilini katika sehemu ya mwisho ya njia ya haja. Lakini figo zao zenyewe haziwezi kutengeneza mkojo mzito kuliko damu, kama zinavyoweza figo zetu, na ni lazima zipate maji ya kutosha ili ziisukume asidi hiyo itoke. Maji yakipungua, asidi hubaki katika damu, kiwango chake hupanda, kisha huanza kujijenga kuwa fuwele ndani ya figo, kwenye viungo vya miguu, na hata kwenye utando unaouzunguka moyo. Huo ndio ugonjwa wa jongo. Kinyonga mwenye jongo huvimba vifundo, hushindwa kushika tawi sawasawa, na huumia kila anaposogea; na sehemu ya figo iliyokwisha kufa hairudi, hata akianza kunyweshwa maji mengi namna gani. Ndiyo maana nasema kwa mkazo kwamba tatizo hili huzuiwa, na kwamba aliyengoja hadi alione amechelewa.

Basi mfugaji atajuaje, kabla ya kufika huko, kwamba mnyama wake anakaukiwa? Mniwie radhi kwa kuzungumzia kinyesi mbele ya hadhara, lakini hakuna shahidi mkweli kuliko huyo. Kinyonga anapojisaidia hutoa sehemu mbili: ile nyeusi au ya kahawia ambayo ni mabaki ya chakula, na ile nyeupe ambayo ni asidi ya yuriki niliyoitaja. Mnyama aliyeshiba maji hutoa sehemu hiyo ikiwa nyeupe kabisa, laini na yenye ubichi, na pengine kikiwepo kimajimaji kisicho na rangi pembeni. Ncha yake ikiwa na rangi ya manjano kidogo mara moja moja si jambo la kuogofya, lakini manjano ikienea katika sehemu kubwa, mnyama anaomba maji. Ikiwa ya rangi ya chungwa, ngumu na yenye chengachenga kama chaki, ameyakosa kwa muda. Mnapaswa kuitazama kila mara ikiwa bado mbichi, kwa sababu ikikaa chini ya taa ya joto hukauka na kubadilika rangi, na hapo itawadanganya.

Dalili ambayo watu huijua zaidi ni macho yaliyozama, na mimi nina wasiwasi nayo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba huja kwa kuchelewa. Ya pili ni kwamba haisemi jambo moja: macho yanaweza kuzama kwa ajili ya minyoo, maambukizi, udhaifu wa muda mrefu au upungufu wa vitamini A, na mfugaji aliyekwisha kuamini kwamba kila jicho lililozama ni kiu atamwongezea maji mnyama anayehitaji dawa. Vivyo hivyo kinyonga anayefumba macho mchana ni mgonjwa, awe na kiu au asiwe nayo, na hapaswi kusubirishwa. Dalili ninayoiamini kuliko hiyo ya macho ni mate. Kinyonga anapofungua kinywa kumla mdudu, mate yake yanapaswa kuwa mepesi. Yakivutika kama nyuzi za gundi kati ya taya la juu na la chini, maji yamepungua. Ulimi nao hupoteza nguvu na shabaha, ukawa haufiki mbali au humgusa mdudu bila kumnasa. Tena pimeni uzito kila juma kwa mizani ya gramu, mkaandike, kwa maana macho yetu huzoea haraka mwili unaokonda kidogo kidogo, ila nambari iliyoandikwa haizoei.

Nakuja sasa kwenye yale ya kutenda, nami nitaanza na usiku, kwa kuwa ndiko tatizo linakoanzia. Lengo letu ni kwamba kinyonga avute hewa yenye unyevu wa asilimia 80 na zaidi katika saa zake za usingizi, hata karibu na 100 ikiwezekana, na kwamba mchana unyevu huo ushuke. Kwa kinyonga wa Yemeni mchana wa asilimia 30 hadi 50 unatosha. Kinyonga chui huhitaji zaidi kidogo, kati ya 50 na 70, na wa Jackson hukaribia hapo pia. Njia ya kufikia unyevu wa usiku ni mashine ndogo ya kutoa ukungu, iliyounganishwa na mpira unaoingia juu ya kizimba, na kifaa cha kuiwasha na kuizima kwa saa, ili ifanye kazi kwa vipindi kuanzia usiku wa manane hadi karibu na mapambazuko. Aliye na chumba chenye unyevu wa asili huenda asiihitaji kabisa. Aliye na chumba kikavu anaweza kuziba pande mbili au tatu za kizimba cha wavu kwa karatasi nzito ya plastiki, akiacha upande wa mbele na wa juu wazi, na mabadiliko atakayoyaona kwenye kipima unyevu yatamshangaza.

Lakini hapa pana sharti ambalo likivunjwa mtamdhuru mnyama kwa mkono uliotaka kumsaidia. Unyevu mwingi huenda pamoja na ubaridi na hewa inayopita. Ukungu ukiwashwa katika chumba chenye joto la mchana, hewa ikiwa imefungwa, mapafu ya kinyonga hugeuka kuwa shamba la vijidudu, na matokeo yake ni maambukizi ya njia ya hewa ambayo huanza kwa kupumua kinywa kikiwa wazi na kwa ute puani, na huweza kuishia katika nimonia. Usiku wenye ukungu unapaswa kuwa chini ya nyuzi 20 za Selsiasi, na kwa kinyonga wa Jackson uwe wa baridi zaidi ya hapo. Chumba kisichoweza kupoa usiku, kwa hali yoyote ile, hakifai kutiwa ukungu. Humo afadhali kutegemea kunyunyizia alfajiri na jioni, pamoja na mimea mingi hai, kuliko kumlaza mnyama katika mvuke wa moto. Nasema hivi nikijua kwamba wapo wenzetu wanaoona ukungu ni dawa ya kila kitu. Si hivyo, ni sehemu moja ya usiku, na usiku huo ni lazima uwe usiku kweli: wenye giza, wenye baridi, na wenye hewa inayosogea.

Baada ya usiku huja alfajiri, na huu ndio wakati wa kunywa. Nyunyizieni kabla taa hazijawaka, ili kinyonga aamke akute kazi imekwisha kufanyika na majani yamejaa matone. Kisha rudieni jioni mara tu taa zinapozimwa, kwa ajili ya kuanzisha unyevu wa usiku. Urefu wa muda wa kunyunyizia una maana kubwa kuliko wingi wa nyakati. Wengi mmeliona hili: matone ya kwanza yanapomgusa, kinyonga hufumba macho, huinamisha kichwa, pengine hutembea kwenda upande mwingine wa kizimba. Baadaye huyatumbua macho na kuyazungusha akiyasafisha. Ni baada ya dakika kadhaa, akiisha kuridhika kwamba mvua hii ni mvua na kwamba hakuna anayemwinda, ndipo taya zake zinapoanza kusogea polepole na ulimi kugusa jani. Mfugaji anayepuliza kwa nusu dakika na kufunga mlango huwa amekoma kabla mnyama hajaanza. Dakika mbili hadi tano za matone laini zina faida kuliko vipindi kumi vifupi vinavyomkatiza katika kuota jua na kuliacha jani likiwa limelowa tu juujuu.

Tena ondokeni. Mnyama anayekunywa huwa ameinamisha kichwa na kuacha ulinzi wake, na vinyonga wengi hawakubali kunywa huku wakitazamwa. Mtu akiniambia kwamba hajawahi kumwona kinyonga wake akinywa, huwa simwambii kwamba mnyama ana kiu. Humwuliza kwanza rangi ya asidi yake. Ikiwa ni nyeupe, basi anakunywa mkiwa hampo, na huo ni utulivu mwema, mwacheni nao.

Katikati ya siku, maji ya kudondosha ni msaada mkubwa kwa mnyama asiyetosheka na alfajiri. Chombo chochote safi kilichotobolewa tundu dogo chini, au mpira mwembamba wenye kifunguo kama ule wa dripu za hospitalini, kikiwekwa juu ya kizimba na kurekebishwa ili tone moja lianguke kila sekunde moja au mbili juu ya jani pana, kitampa kinyonga maji yanayosogea na kung'aa kwa saa nzima au zaidi. Wekeni chombo cha kupokea maji chini, mahali ambapo mnyama hafiki, na kimwagwe kila siku. Maji yanayotuama katika sakafu ya kizimba ni adui, na kizimba kisicho na njia ya kutolea maji humlazimisha mwenyewe kunyunyizia kwa uchoyo, kwa hiyo jengeni njia hiyo tangu mwanzo.

Kuhusu mimea nitasema machache. Kizimba chenye majani ya plastiki peke yake hukauka haraka mno, ilhali mimea hai hutoa mvuke wake yenyewe, hushika matone kwa muda mrefu, na humpa mnyama kivuli na maficho. Ficus benjamina, Schefflera arboricola na mtambaao uitwao Epipremnum aureum zimetumiwa na wafugaji kwa miaka mingi kwa mafanikio. Osheni majani yake vizuri kabla ya kuyaingiza kizimbani, kwa kuwa mimea ya kuuzwa hupuliziwa dawa, na kinyonga ataramba kila kilicho juu ya jani.

Maji yenyewe yawe yale ambayo ninyi mngekubali kuyanywa. Yakiwa na klorini kali, yaacheni wazi kwa siku nzima kabla ya kuyatumia. Kwa mashine za kunyunyizia na za ukungu ni vyema kutumia maji yaliyoondolewa chumvichumvi, kwa sababu maji magumu huziba matundu ya kunyunyizia, huacha madoa meupe juu ya majani, na katika mashine ya ukungu chumvi hizo hurushwa hewani kama vumbi ambalo mnyama hulivuta. Mashine hizo zioshwe na kukaushwa kila juma bila kukosa. Tangi lenye utelezi ndani yake linarusha bakteria moja kwa moja katika pua ya mnyama aliyelala, na kwangu mimi aliyeshindwa kuiosha mashine ya ukungu ni heri asiwe nayo.

Lipo pia chanzo cha maji ambacho hatukitaji mara nyingi, nacho ni wadudu anaowala. Mwili wa nyenje mwenye afya ni maji kwa sehemu kubwa zaidi, lakini nyenje aliyekaa siku kadhaa katika boksi kavu bila mboga mbichi ni ganda lenye vumbi. Wapeni wadudu wenu majani mabichi na vipande vya mboga zenye maji saa 24 kabla ya kuwalisha kinyonga, nao watayabeba maji hayo hadi tumboni mwake. Chakula kikavu kinachomtaka mnyama akimeng'enye kwa maji yake mwenyewe humwongezea deni. Hapo hapo niseme kwamba kinyonga aliyekaukiwa asilishwe kwa nguvu. Arudishiwe maji kwanza, kwa kuwa protini nyingi katika mwili usio na maji ni asidi ya yuriki zaidi kwa figo ambazo tayari zimelemewa.

Wapo vinyonga wawili wanaohitaji jicho la pekee. Mmoja ni jike anayebeba mayai, kwa sababu mayai huchukua maji mengi kutoka mwilini mwake, na jike aliyekaukiwa huwa katika hatari zaidi ya kushindwa kuyataga, hali ambayo humuua. Awe na maji ya kudondosha kila siku katika kipindi hicho, na pipa lake la kutagia liwe na mchanga wenye unyevu wa kutosha kushikamana, ili anapochimba usiporomoke. Jike wa Jackson hatagi mayai, huzaa watoto walio hai, lakini haja yake ya maji ni ile ile. Mwingine ni mtoto. Kinyonga aliyeanguliwa karibuni ana mwili mdogo wenye ngozi nyingi ikilinganishwa na ukubwa wake, kwa hiyo hukauka upesi, na siku moja ya uzembe ambayo mzazi wake angeistahimili inaweza kumwondoa. Mnyunyizieni mara nyingi zaidi kwa ukungu mwembamba sana, kwa kuwa tone kubwa kwake ni pigo.

Sasa niyataje yale ambayo ningependa tuyaache. Kumloweka kinyonga katika beseni la maji hakumsaidii; ni mnyama wa matawi, anapotiwa majini huogopa, na hofu hiyo humgharimu zaidi ya chochote anachoweza kukipata. Kumfungua kinywa na kumsukumia maji kwa bomba la sindano ni hatari kubwa zaidi, kwa sababu tundu la kupitishia hewa liko mbele kabisa kinywani mwake, karibu na ulimi, na maji yanayosukumwa kwa nguvu huingia mapafuni. Tone linaloachiwa kwenye ncha ya mdomo wa mnyama ambaye tayari anaramba kwa hiari yake ni jambo jingine, nalo halina ubaya. Wala tusidhani kwamba dawa ya ukavu ni kulowesha mchana kutwa. Kizimba ambacho hakikauki hata mara moja huleta ukungu wa kuoza, vidonda vya ngozi na magonjwa ya miguu. Ngoja majani yakauke kabisa kati ya kunyunyizia kumoja na kwingine. Ukavu wa mchana ni sehemu ya afya yake kama ulivyo ubichi wa usiku.

Mwisho ni suala la daktari. Kinyonga ambaye asidi yake ni ya rangi ya chungwa kwa siku kadhaa mfululizo hata baada ya kurekebishiwa usiku na alfajiri yake, au ambaye macho yamezama na hataki kula, au ambaye shingo na vifundo vimevimba, amepita kiwango cha kutibiwa nyumbani. Daktari anaweza kumwekea maji chini ya ngozi, kupima damu ili ajue asidi ya yuriki imefika wapi, na kuangalia kinyesi kwa ajili ya minyoo. Mwambieni waziwazi kwamba mnashuku upungufu wa maji kabla hajaandika dawa yoyote, kwa kuwa baadhi ya viuavijasumu, hasa vya kundi la jentamaisini, huziumiza figo za mnyama aliyekaukiwa, na daktari akilijua hilo atamrudishia maji kwanza au atachagua dawa nyingine. Nendeni na picha ya kinyesi kikiwa kibichi, daftari la uzito, na nambari za joto na unyevu wa kizimba za usiku na za mchana, zilizopimwa kwa kifaa cha kidijitali kilichowekwa kwenye tawi analolalia, si ukutani mwa chumba.

Nawashukuru kwa kunisikiliza kwa utulivu, na niko tayari kupokea maswali yenu.